Ana miaka 34 na bado anapangiwa saa ya kulala. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili akiwa kituoni, nani anaamua maisha yake?

Mlezi wa Zamu

Salaam wakuu.

Nafanya kazi kwenye kituo cha watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Tanga. Jina la kituo silitaji na msiniulize, riziki yangu iko humo. Wakazi wetu wengi waliletwa wakiwa watoto. Shule maalum ikaisha, ndugu hawakurudi kuwachukua, wakawa watu wazima humu humu. Wapo wenye sindromu ya Down, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, na wapo ambao hawajawahi kupimwa na mtu yeyote. Faili limeandikwa "akili pungufu" basi, kwa mwandiko wa mtu ambaye huenda alishafariki.

Nataka kumzungumzia mmoja. Nimemwomba ruhusa, akasema niandike ila jina nisiseme. Wenzake wanamwita Kaka Mkubwa, na sisi tumwite hivyo. Ana miaka 34. Anaswali, anaoga mwenyewe, anafagia uwanja, anatengeneza mifagio ya chelewa inayokwenda kuuzwa sokoni. Kusoma hajui, hesabu zinamsumbua. Lakini kaa naye kibarazani, atakueleza nani kamkosea nani tangu mwaka juzi, na hakosei.

Siku yake iko hivi. Saa 11 alfajiri anaamshwa pamoja na wote, kwa sababu walezi wa usiku wanataka wakabidhi zamu watu wakiwa wameshaoga. Nguo anapewa kutoka kwenye rundo la msaada. Shati alilovaa Jumatatu, Alhamisi utaliona mgongoni kwa mwingine. Saa 2 usiku taa zinazimwa kwa kuwa baada ya hapo tunabaki walezi wawili. Hela ya mifagio inaingia kwenye kitu kinaitwa mfuko wa wakazi, na hakuna mkazi aliyewahi kuuona. Akiumwa, anayetia sahihi ni kaka yake wa Muheza, ambaye tunamwona sikukuu hadi sikukuu.

Sasa ameomba mambo. Awe na sanduku lake lenye kufuli. Hela yake aishike mwenyewe. Ijumaa aende kuswali Ngamiani, na baada ya swala akae kijiweni anywe kahawa kama wanaume wenzake. Uongozi ukakaa kikao, yeye mwenyewe hakuitwa, jibu likatoka hapana. Sababu mbili: ni hatari, na tukimruhusu mmoja wote watataka.

Kwa maoni yangu sababu ya kweli ni hiyo ya pili. Mengi tunayoyaita hatari ukiyachunguza ni usumbufu kwetu sisi walezi. Mtu anayetaka kulala saa 4 usiku hahatarishi chochote, anatufanya tukae macho.

Naomba wajuzi mnisaidie: sheria inasemaje, na kwingine wanafanyaje?

Pweza wa Sahare

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje.

Mzee wa Chuda

Mnaongea kama watu ambao hawajawahi kumtafuta mtu usiku.

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili. Nimekua naye chumba kimoja. Siku moja aliaga anakwenda dukani, tukamkuta Korogwe, ana jeraha kichwani na mpaka leo hakuna anayejua kilichompata. Haijapita muda kijana mmoja wa mtaani akamwita, "njoo weka kidole hapa nikupe soda." Laini za simu zikasajiliwa kwa alama za vidole vyake, zikatumika kutapeli watu, polisi wakaja kugonga nyumbani kwetu. Yeye anacheka tu hajui kinachoendelea. Mama akapanda presha.

Kwa hiyo ukiniambia eti aachiwe aamue mwenyewe, mimi nakuuliza: siku hiyo wewe utakuwa wapi? Mlezi ataandika ripoti, zamu yake itaisha, ataenda kwake. Sisi ndugu ndio tunabaki.

Mama Donge

Mzee wa Chuda, shikamoo kaka yangu. Umenigusa, maana hofu yako ndiyo yangu.

Nina binti wa miaka 27 mwenye sindromu ya Down, anaishi nami. Kila mzazi wa mtoto kama huyu analala na swali moja: nikifa mimi, nani? Vituo kama cha huyu mlezi tunavipigia hesabu kimya kimya, hata kama hatusemi mbele za watu.

Lakini kuna jambo nataka niliseme, na wanaume humu mnivumilie. Nilimpeleka binti yangu mahali fulani alikokuwa anashinda mchana na wenzake. Nikaja kugundua wanampeleka kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango. Hakuambiwa ni ya nini. Mimi mama yake sikuambiwa. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, tunamlinda." Wanamlinda na nini? Sindano haimzuii mwanamume kumwingilia, inaficha ushahidi tu! Mlango wa choo chao haukuwa na komeo la ndani. Hilo la komeo hakuna aliyeliona kuwa ni ulinzi.

Nilimtoa. Tangu hapo mtu akiniambia "ni kwa usalama wake", nauliza kwanza usalama wa nani.

Mshambaa Mkavu

Kwani si wapelekwe Lutindi? Wana uzoefu wa miaka mingi wale.

Kipanga wa Raskazone

Mshambaa, Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Historia yake ni nzito kweli: Wajerumani waliianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na 1904 ikageuka hospitali, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Lakini Kaka Mkubwa haumwi. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote na unatibiwa. Yeye kazaliwa anajifunza taratibu kuliko wengine, na hakuna dawa ya hilo kwa kuwa hakuna cha kuponya. Ofisi nyingi zinachanganya mambo haya, na kuchanganya huko kuna gharama. Katiba yetu ibara ya 5 inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Sasa kituo kisichojua tofauti hakitajisumbua kuwapeleka wakazi wake kujiandikisha.

Nijibu swali la sheria. Mimi ni mwanasheria, ila haya ni maelezo ya jumla.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa 2006, Tanzania ikauridhia 2009, mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Katika misingi ya sheria hiyo umo uhuru wa mtu kufanya uchaguzi wake mwenyewe. Kwenye Mkataba ibara za kushika ni mbili. Ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, wala asilazimishwe kuishi katika mpango fulani wa makazi. Ya 12 inasema ana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika kila nyanja ya maisha, na serikali ina wajibu wa kuhakikisha anapata msaada anaouhitaji ili autumie uwezo huo.

Wengi wanaisoma hiyo ya 12 kinyumenyume. Wanasema athibitishe kwanza kwamba anaweza, ndipo tumpe haki ya kuamua. Mkataba unaanza na haki, halafu unauliza anahitaji kusaidiwa vipi. Kamati inayosimamia Mkataba ilifafanua mwaka 2014: hata pale ambapo umejitahidi na bado hujajua mtu anataka nini, usijiulize "lipi lina manufaa kwake kwa maoni yangu". Jiulize, kwa ninavyomjua mtu huyu, maisha yake na anayoyapenda, lipi lingekuwa chaguo lake.

Na yule kaka wa Muheza: kuwa ndugu peke yake hakumfanyi msimamizi wa mtu wa miaka 34. Kusimamia mali ya mtu mzima kunatokana na amri ya mahakama. Kituo kina amri hiyo? Kama hakina, hela ya mifagio ni mali ya aliyetengeneza mifagio, na ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya kila mtu.

Mzee wa Chuda

Kipanga, sheria nzuri sana. Yule kijana wa laini za simu naye alikuwa chini ya sheria hizo hizo.

Mtanga wa Baridi

Habari za nyumbani. Mimi mzaliwa wa Makorora, niko Minnesota, Marekani. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya Mlezi wa Zamu: nyumba ya watu wanne wenye ulemavu wa akili, na sisi walezi tunapokezana. Watanzania na Wakenya tumejaa kwenye kazi hizi huku, kwa hiyo nayajua kwa kuyafanya.

Niwaambie walikotoka kwanza, msije kudhani wenzetu walizaliwa na huruma. New York kulikuwa na taasisi inaitwa Willowbrook. Ilijengwa kwa watu 4,000, katikati ya miaka ya 1960 walikuwemo zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni akaingia na kamera, watu wakaona majumbani mwao watoto wako uchi sakafuni katika uchafu wao wenyewe. Kesi zikafunguliwa, ikafungwa kabisa 1987. Sweden walikwenda mbali zaidi, sheria ya 1997 ikaagiza taasisi kubwa zote za watu hawa ziwe zimefungwa ifikapo mwisho wa 1999.

Halafu kuna wanawake wawili wa jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson. Madaktari wao walishasema wanaweza kuishi nje ya hospitali wakipewa msaada, lakini wakabaki ndani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1999 ikaamuliwa kwamba kumweka mtu ndani ya taasisi bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Lois alikuja kuwa mchoraji, mwaka 2011 akaenda Ikulu kumpa Rais Obama mchoro wake. Miaka yote aliyokaa wodini hakuna aliyedhani yule ni mchoraji.

Sasa nije kwenye kufuli la Kaka Mkubwa, maana nimetabasamu nilipolisoma. Tangu 2014 kuna kanuni ya serikali kuu huku kwa nyumba zinazolipwa na fedha za umma. Mkazi awe na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Achague anayelala naye chumba. Ale muda anaotaka. Apokee wageni muda anaotaka. Apange ratiba yake. Majimbo yalipewa hadi Machi 2023 kutekeleza. Na ukitaka kumzuia mtu mmojawapo wa mambo hayo, huruhusiwi kusema tu "ni hatari". Unaandika kwenye mpango wake: hatari ipi hasa, ulijaribu njia gani nyepesi kabla ya kufika hapo, kizuizi kitadumu muda gani kabla ya kuangaliwa upya, na ridhaa yake iko wapi.

Kazini kwetu kuna bwana mmoja ana kisukari na anapenda soda. Zamani wangefunga jokofu kwa mnyororo. Sasa tunakaa naye, tunampima sukari akiangalia namba, tunamwonyesha soda isiyo na sukari, na siku nyingine anachagua ile yenye sukari. Inaniuma roho. Lakini hata mjomba wangu wa Makorora ana kisukari na anakula halua, na hakuna aliyewahi kumfungia kabati.

Si peponi huku pia. Walezi hawatoshi, orodha za kusubiri huduma ni ndefu, na watu wengi wako chini ya usimamizi wa mahakama kwa mambo wanayoyaweza wenyewe.

Ndugu Mtazamaji

Hizo ni nchi zenye hela. Mlango wenye ufunguo kwa kila mmoja? Wenzetu hapa wanalala wangapi chumba kimoja?

Mlezi wa Zamu

Ndugu Mtazamaji, wanalala sita. Chumba cha peke yake sijaomba, yeye pia hajaomba. Sanduku la mbao fundi wa mtaani anagonga, kufuli liko kila duka la vifaa. Kumwita mtu kwenye kikao kinachomhusu ni bure kabisa.

Kuna vinavyotaka hela, nakubali. Ratiba ya usiku haibadiliki bila kuongeza walezi. Lakini shati? Tunazifua kwa pamoja na kuzigawa upya kwa kuwa ni rahisi kwetu. Kamba ya rangi tofauti kwenye ukosi ingetosha kila mtu ajue lake.

Ustadh wa Ngamiani

Assalaam alaykum. Niseme kidogo, maana nimeona Ijumaa imetajwa.

Watu wakitaka kumnyima mtu mali yake kwa kisingizio cha akili hukimbilia Suratun-Nisaa, aya ya 5, inayokataza kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha. Wanaishia hapo. Aya hiyo hiyo inaendelea kwamba walishwe na wavishwe kutokana na mali hiyo, na waambiwe maneno mema. Ya 6 inayofuata, kuhusu mayatima, inaamrisha wajaribiwe, na ikionekana wanaweza wakabidhiwe chao. Na atakayejaribiwa lazima apewe kitu mkononi, hujaribiwi kwa kutazamwa tu.

Kuswali Ijumaa msikitini, aje. Safu zina nafasi.

Fundi Pancha

Nina kibanda cha baiskeli Ngamiani na ninaye kijana wa namna hiyo, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Alianza kwa kupiga upepo. Akajifunza kuziba pancha kwa kuangalia: kutoa tyubu, kuizamisha kwenye beseni, kutafuta mapovu, kusugua, gundi, kiraka. Mpaka leo spoki simwachii, rimu itakwenda kama nyoka. Lakini pancha ananishinda, maana mimi nina haraka na yeye hana.

Tatizo lilikuwa malipo. Kila Jumamosi kaka yake anakuja kuchukua hela "ya kumtunzia". Kijana anabaki anaangalia. Nikamuuliza, wewe unataka hela yako nimpe nani? Akanyoosha mkono. Basi nikaanza kumlipa kila siku jioni, mkononi mwake. Kaka mtu alikuja juu, maneno makali, mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwambia aliyeziba pancha ndiye anayelipwa.

Mwanzo alizimaliza kwa siku moja, supu ya pweza na viazi karai kwa yeyote anayepita. Wiki zikaenda. Akaanza kubakisha. Sasa hivi anampelekea mama yake hela ya mafuta ya taa na bado anakunywa supu. Kuna siku wahuni wanamdanganya, ni kweli. Mimi pia nimewahi kuuziwa simu ya boksi tupu pale stendi, na hakuna aliyeninyang'anya pochi baada ya hapo.

Pweza wa Sahare

Boksi tupu! Fundi pole 😂😂

Mama Donge

Fundi, Mungu akuzidishie. Niongeze la hela, maana watu wanadhani asiyejua hesabu hawezi kushika pesa.

Binti yangu namba hazimkai. Nikamfundisha kwa picha. Noti za Tanzania zimejaa wanyama: elfu mbili simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo. Elfu moja ni Baba wa Taifa. Tukienda sokoni anatamka mwenyewe, "hii ya simba." Kanga anachagua yeye. Muuzaji akianza kuongea na mimi badala yake nanyamaza, naangalia pembeni mpaka amgeukie mnunuzi. Mara nyingi anachagua zambarau, hata kama tuko na zambarau za kutosha kushona hema.

Ila Mzee wa Chuda ana hoja kuhusu laini za simu, wala tusimpite. Hilo la alama za vidole mnalijibuje?

Mtanga wa Baridi

Mama Donge, huku na nchi kadhaa kuna kitu wanakifanya. Mtu anachagua watu anaowaamini, labda watatu wanne, wanaandikiana makubaliano: jambo la hela atanisaidia huyu kulielewa, la hospitali yule, la mikataba na sahihi sifanyi mpaka nimempigia fulani. Hawaamui wao. Wanamweleza, wanamkumbusha, anaamua. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kulitambua hilo kisheria, 2015. Peru, ambayo si nchi tajiri, ilifuta 2018 usimamizi wa kumnyang'anya mtu mzima maamuzi kwa sababu ya ulemavu.

Na kwa ajili ya binti yako: kulikuwa na dada wa Virginia mwenye sindromu ya Down, Jenny Hatch, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la mitumba. Mahakama ikamweka chini ya usimamizi, akapelekwa kwenye nyumba ya matunzo asiyoitaka, akanyang'anywa simu. Akapambana. Mwaka 2013 jaji akaamua akaishi na marafiki aliowachagua, wenye duka lile, nao wamsaidie mpaka afike pa kuamua mwenyewe.

Mdogo wake Mzee wa Chuda angefundishwa sentensi moja tu, "sibonyezi kidole mpaka kaka aje", na kuirudia kwa maigizo, mtu anajifanya tapeli na soda mkononi. Tunafanya hivyo na wakazi wetu na wengi inawakaa. Kumfungia ndani hakumfundishi kumjua tapeli, na matapeli wengine wana funguo za ndani.

Mzee wa Chuda

Hilo la maigizo sijawahi kulifikiria. Sisemi nimekubali. Ila nitalijaribu, yeye anapenda michezo hiyo.

Binti Pangani

Samahani wakubwa zangu. Nyote mnazungumzia wanaoongea. Mtoto wa shangazi yangu ana mtindio wa ubongo mkubwa, haongei, hasogei bila kusaidiwa, analishwa. Ana miaka 22. Huyo ataamua nini?

Mlezi wa Zamu

Binti Pangani, swali lako ndilo tunalokutana nalo kila siku, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Tunaye dada mmoja wa namna hiyo. Akilishwa na mlezi mmoja anafunga mdomo, akilishwa na mwingine anafungua. Faili likasema ana tatizo la kumeza. Mpishi ndiye aliyegundua kwamba yule wa kwanza anamlisha uji wa moto akiwa amesimama, haraka haraka. Dada wa watu alikuwa anasema hapana kwa njia pekee aliyonayo, sisi tukaiandika kuwa ugonjwa.

Anza na vitu viwili mbele ya macho yake. Kikombe cha maziwa na kikombe cha chai. Subiri. Subiri tena, mwili wake unachelewa kujibu, na sisi tunakimbilia kumjazia jibu. Atatazama kimoja muda mrefu zaidi, au atakaza mkono. Kimpe hicho hicho, hata kama ulitaka anywe kingine. Ukimpa tofauti na alichotazama utamfundisha kwamba kutazama hakuna maana, ataacha. Nimewaona walioacha. Watu wanasema "huyu hana anachotaka", kumbe alitaka miaka mingi akachoka.

Baadaye tumia picha, za simu zinatosha: baraza, kitanda, redio, sura ya mlezi anayetaka amwogeshe. Hilo la kuoga naona ni kubwa kuliko hata chakula. Wewe ungependa kuvuliwa nguo na mtu usiyemchagua, kila siku?

Binti Pangani

Dah. Asante. Nitamwonyesha shangazi uzi huu.

Kipanga wa Raskazone

Mlezi, naomba kuuliza. Umetuandikia anayoomba Kaka Mkubwa. Umemuuliza lipi la kwanza kwake? Maana sote tumeng'ang'ania Ijumaa na hela.

Mlezi wa Zamu

Yuko hapa pembeni yangu, niko zamu ya mchana. Nimemsomea uzi wote, na kwa Fundi Pancha amecheka. Naandika anavyosema, sibadili:

"La kwanza kitanda. Nataka kuhama. Yule anakoroma na ananipiga teke. Nimesema, wakasema kitanda ni kile kile. La pili kufuli. La tatu kahawa. Hela mnipe lakini mlezi anisaidie kuhesabu, mlezi huyu, yule mwingine hapana. Mzee wa Chuda, mdogo wako ana baiskeli? Mimi sikupotea siku ile, nilijua njia, nilikuwa nimechoka nikakaa. Shikamoo."

Hilo la mwisho linahusu siku aliyotoka getini tukamtafuta mpaka magharibi. Kwenye daftari la matukio limeandikwa "alitoroka".

Mzee wa Chuda

Marahaba. Mwambie baiskeli anayo, breki hana. Na muulize, bajaji kutoka huko kwenu mpaka Ngamiani nauli ngapi?

Mlezi wa Zamu

Anasema inategemea dereva anamjua mtu au hamjui.

Mzee wa Chuda

Hahaha. Haya, huyo hapotei. Lakini aandikiwe namba ya simu kwenye karatasi, iwekwe mfukoni.

Fundi Pancha

Ijumaa akija apitie kibandani kwangu. Kutoka hapo kwenda msikitini atafuatana na kijana wangu, wanarudi wote. Dereva wa bajaji ninaye wa uhakika.

Kipanga wa Raskazone

Mlezi, kabla ya kikao kijacho fanya hivi. Mwandikie mkuu wa kituo barua, kwa niaba ya Kaka Mkubwa na kwa dole gumba lake baada ya kumsomea, mkiomba mambo manne yale kwa mpangilio wake yeye, kitanda kikiwa cha kwanza. Nakala mpeleke afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mkienda mwende wote wawili, yeye ndiye aongee. Afisa akikuuliza wewe, mgeukie Kaka Mkubwa kama Mama Donge anavyofanya kwa wauza kanga. Kikaoni akae mezani na wenzake, asiwekwe kiti cha ukutani. Kila wanachokataa, waombe waandike kwenye muhtasari: hatari ipi, wamejaribu nini, mpaka lini. Mtindo wa Minnesota huo, hakuna sheria yetu inayoukataza. Na ulizeni habari za mfuko wa wakazi, umeingiza kiasi gani na umetoa kiasi gani. Hapo andaa moyo.

Mama Donge, la sindano usiliache. Ibara ya 23 ya Mkataba inazungumzia watu wenye ulemavu kubaki na uwezo wao wa uzazi sawa na wengine. Nitumie ujumbe pembeni, bila malipo.

Mama Donge

Nimekutumia, baba. Nilimuuliza kwanza, amesema twende.

Pweza wa Sahare

Mlezi usitukimbie, baada ya kikao leta mrejesho hapa hapa.

Mlezi wa Zamu

Mrejesho ataamua mwenyewe kama anataka muujue. Kitanda tu ndicho ninachoruhusiwa kukisema, amehama leo mchana, mpishi na mimi tumekibeba. Kikao hakijakaa.